Kutoka Benchi Hadi Benchi: Matembezi ya Kupona Jijini Nairobi

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi na kuifuata barabara ya State House, si muda mrefu kelele za matatu zitaanza kubaki nyuma yako. Mbele kidogo utaona lango, na ndani ya lango utaona miti mirefu, mingine yenye umri wa kuitwa babu. Wenyeji wanapaita Arboretum, maana yake bustani ya miti.

Bustani hii ina ukubwa wa hekta 30 hivi, nayo ilianzishwa mwaka 1907. Siku hizo gari moshi lilikula kuni nyingi, na misitu ya asili ilikuwa ikipungua. Wakoloni wakataka kujua ni miti ipi ya kigeni ingeweza kukua upesi katika ardhi ya Kenya, wakaipanda hapa kwa majaribio. Majaribio yalikwisha, miti ikabaki. Leo kuna aina zaidi ya 350, ya kwetu Afrika na ya ng'ambo: mikuyu, misonobari, mikaratusi ya Australia, na vichaka vya mianzi. Mingi ina kibao kinachotaja jina lake na nchi ilikotoka. Juu ya matawi kuna tumbili ambao hawana haya hata kidogo. Ukifungua mfuko wa mkate, ujue umewaalika. Mwisho wa juma utakuta watu wakisali kwa sauti, kila mtu na mti wake, wakienda na kurudi, na hakuna anayemshangaa mwenzake.

Watu wengi huja hapa kupumzika au kukimbia. Sisi tuliletwa na sababu nyingine. Mwezi wa Julai mwaka 2022 wifi yangu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito katika hospitali moja ya jiji hili, nami nilitoka Moshi kuja kumuuguza. Pamoja na vidonge na chakula cha majimaji, daktari alimwandikia dawa ambayo haiuzwi dukani. Alimwambia atembee, kidogo kidogo, kila siku.

Nimeona niwaandikie akina mama wenzangu habari za bustani hii na za mwezi tuliokaa tukitembea ndani yake. Siku hizi upasuaji wa namna hii unafanyika katika miji yetu mikubwa, lakini majumbani wengi wetu hatujui namna ya kumtunza mtu aliyeufanyiwa. Tunampenda mno, tunamlaza, na huku kulala ndiko kunakoweza kumdhuru.

Upasuaji wenyewe ni nini?

Tusianze safari kabla ya kuelewana. Wifi yangu hakupasuliwa ili apendeze. Alikuwa na sukari na presha kwa miaka mingi, na magoti yake yalifika mahali pa kukataa kupanda ngazi za kanisa. Alijaribu kufunga, alijaribu kuacha wali, alijaribu dawa za mitishamba. Alipungua, kisha akaongezeka kupita mwanzo. Unene wa kiwango hicho ni ugonjwa kama magonjwa mengine, nao una matibabu yake.

Kwa upasuaji aliofanyiwa, madaktari huingiza vyombo vyembamba kwa kupitia matundu madogo tumboni, kisha hukata na kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi. Kinachobaki ni kama bomba jembamba, karibu na umbo la ndizi. Baada ya hapo mtu hushiba kwa vijiko vichache. Kwa nje utaona vidonda vidogo vitano au sita tu, na ni rahisi kudhani kwamba amefanyiwa jambo dogo. Sivyo. Ndani kuna mshono mrefu unaohitaji wiki kadhaa kupona.

Mgonjwa alale au atembee?

Kwetu Kilimanjaro tunajua sana kumtunza mzazi. Mama akijifungua hukaa ndani miezi mitatu, huletewa mtori na mlaso, hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe. Ni desturi nzuri ambayo imewapumzisha mama zetu wengi. Kwa hiyo mama mkwe wangu alipopiga simu siku ya tatu akasikia kwamba bintiye yuko koridoni anatembea, alishtuka.

"Mmempasua juzi, leo mnamtembeza? Hamna kitanda huko Nairobi?"

Nilimwamkia kwanza, kisha nikamweleza kama nilivyoelezwa na muuguzi. Mtu aliyepasuliwa akilala muda mrefu, damu ya miguuni huenda pole pole mno, na inaweza kuganda. Bonge la damu likikatika linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu mnene. Tena, anayelala bila kujinyoosha hupumua juu juu, na makohozi hukaa kifuani yakaleta homa ya mapafu. Lakini miguu ikitembea, misuli yake huikamua damu na kuirudisha juu, na kifua nacho hufunguka.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi atembee. Lakini asibebe kitu."

Hakusoma udaktari, lakini katika maneno hayo mawili alikuwa amelimaliza somo lote. Mpasuliwa atembee, na mzigo wake abebewe.

Hatua za kwanza

Jioni ile ile ya upasuaji muuguzi alimketisha wifi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Kisha akamsimamisha, akatembea hatua chache hadi mlangoni na kurudi. Alishika mto mdogo na kuukandamiza tumboni kila alipotaka kukohoa au kuinuka, maana mto huo hupunguza maumivu ya vidonda. Kesho yake alitembea koridoni mara nne. Katikati ya matembezi alipewa kidude cha plastiki chenye vigololi ndani, avute pumzi mpaka vigololi vipande juu. Alipokuwa amelala au ameketi alitakiwa kuchezesha vifundo vya miguu, juu na chini, kama anayekanyaga cherehani.

Aliporuhusiwa kutoka tulipanga chumba Kileleshwa, upande wa pili wa bustani. Siku za mwanzo hatukwenda popote. Kila saa aliyokuwa macho aliinuka na kuzunguka chumbani na uani kwa dakika tano. Ni kidogo, lakini jumlisha mpaka jioni uone.

Siku ya kumi, baada ya vidonda kukaguliwa, ndipo tulipoingia Arboretum kwa mara ya kwanza.

Kutoka benchi hadi benchi

Julai ni mwezi wa baridi Nairobi. Jiji lipo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na asubuhi ukungu hutanda mpaka saa tatu au saa nne. Sisi tuliozoea joto la Moshi tulivaa sweta juu ya khanga. Hali hiyo ya hewa ilitufaa sana, maana mtu asiyeweza kugugumia maji hafai kutembea juani. Tulingoja ukungu uinuke na njia zikauke kidogo, ndipo tukatoka.

Bustani ina njia pana, na katika sehemu kubwa ya juu njia hizo ni za tambarare. Kuna kivuli, na kuna mabenchi. Kwa mzima benchi ni pambo tu. Kwa aliyetoka hospitali ni kama kituo cha basi. Tuliacha kuhesabu dakika, tukahesabu mabenchi. Siku ya kwanza tulikwenda benchi moja na kurudi, dakika kumi kwa jumla. Baada ya siku tatu tulifika la pili. Wifi alisoma vibao vya miti kwa sauti akiwa njiani, na kumbe hilo nalo lilikuwa kipimo. Mtaalamu wa viungo alikuwa ametuambia kwamba mwendo unaofaa ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza akiwa anatembea. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kutweta, apunguze mwendo. Basi aliposoma jina la mti na kukatika katikati, tuliketi.

Mimi ni mwepesi wa miguu, na mwanzoni niliona mwendo ule ni wa konokono. Lakini ukitembea kwa namna hiyo unaona mengi. Utaona ndege mwenye mkia mrefu ambaye wakimbiaji wanampita. Utamjua yule bwana mzee anayekuja kila asubuhi na gazeti lake. Utawaona akina mama wa Kinairobi, wanne watano, wamejifunga leso kiunoni juu ya suruali za mazoezi, wakitembea kwa kasi na kuzungumza kwa kasi zaidi. Walipotupita mara ya tatu mmoja wao aligeuka akatusalimu, "Habari ya asubuhi, akina mama! Pole pole tu, mtafika." Wifi aliyekuwa akijificha chini ya mtandio alitabasamu.

Ni lazima niseme juu ya mtandio ule. Wifi hakuwa amewaambia wanawake wenzake wa jumuiya kwamba amekwenda kufanya nini Nairobi. Aliogopa maneno. Aliogopa wangesema ameshindwa kufunga mdomo, sasa ametumia pesa kukata tumbo. Dada, kama una jirani wa namna hii, angalia ulimi wako. Mtu aliyekubali kulazwa mezani na kukatwa ili aishi awalee watoto wake hakuchagua njia ya mkato. Wiki ile ya pili alikuwa akiishi kwa uji mwepesi, supu iliyochujwa na maziwa ya protini, kijiko kwa kijiko, huku harufu ya mahindi ya kuchoma ikipenya puani kila tulipotoka langoni. Aliyapenda mahindi kuliko nyama. Alivuta harufu, akacheka, akaendelea na safari.

Siku ya kizunguzungu

Kuna sehemu ya bustani inayoteremka hadi kwenye kijito cha Kirichwa Kubwa. Ni mahali pazuri, pana ubaridi na majani mazito. Mwisho wa wiki ya tatu wifi alitaka tushuke. Tulishuka vizuri. Tulipoanza kupanda, akasimama. Moyo ulimwenda mbio, macho yakaingia giza, jasho jembamba likamtoka usoni. Nilimketisha chini, nikamwinamisha kichwa, nikampa maji kwa mafunda madogo. Baada ya dakika kumi alitulia. Mlinzi mmoja mwenye upole alitusindikiza mpaka juu, hatua kumi na kupumzika, hatua kumi na kupumzika.

Siku hiyo hiyo tulipiga simu hospitali wakatuita. Presha ilikuwa imeshuka mno. Wifi alikuwa bado anameza vidonge vya presha kwa kipimo cha zamani, wakati mwili ulikuwa umekwisha kupungua na chumvi katika chakula ilikuwa karibu hakuna. Tena siku iliyotangulia alikuwa amekunywa maji kidogo. Daktari akapunguza dawa. Akaeleza kwamba jambo hili huwapata wengi: dawa za presha na za sukari zilizompasa mtu kabla ya upasuaji zinaweza kuwa nyingi kupita kiasi majuma machache baadaye, hasa siku ya mazoezi. Daktari ndiye azipunguze, mgonjwa asijipunguzie mwenyewe.

Kuhusu maji, kanuni aliyopewa ilikuwa kufikisha lita moja na nusu au zaidi kwa siku, lakini kwa mafunda madogo, kutwa nzima. Asinywe pamoja na chakula. Angoje nusu saa baada ya kula. Kwa hiyo chupa ya maji ilikuwa mkononi mwangu daima, na tulikunywa kabla ya kiu kuja. Tangu siku hiyo kila benchi lilikuwa na mafunda yake mawili.

Kwa nini asiongeze kasi?

Kuna ndugu waliopiga simu na kusema, "Mwambie akimbie, apungue upesi." Wanakosea. Katika majuma ya kwanza mtu hatembei ili apungue. Kupungua kutakuja kwenyewe kwa sababu ya chakula kidogo. Anatembea ili damu isigande, ili mapafu yafanye kazi, ili matumbo yaamke, na ili apate usingizi na moyo mkunjufu.

Kuna jambo lingine tena. Mwili unaopungua haraka hauli mafuta peke yake. Hula na misuli. Ndiyo maana utaona baadhi ya watu wamepungua lakini hawawezi kuinuka kwenye kiti bila kushika meza. Misuli hulindwa kwa vitu viwili: protini na kazi. Kwa protini, wifi alielekezwa afikishe gramu 60 hivi kwa siku au zaidi. Kwanza ilitoka kwenye maziwa, kisha mayai laini, mtindi, samaki aliyesagwa, na maharage yaliyochujwa maganda. Kwa kazi, alianza na kutembea, na baadaye ndipo yanakuja mazoezi ya kuimarisha viungo: kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono, kusukuma ukuta, kuinua chupa ndogo za maji. Hayo yalingoja ruhusa ya daktari. Mazoezi ya kukaza tumbo na kuinua vitu vizito yalikatazwa kabisa mpaka kidonda cha ndani kikomae.

Karura, msitu uliopiganiwa na mwanamke

Wiki ya nne wifi alikuwa na uwezo wa kutembea dakika 30 bila kuketi zaidi ya mara moja. Nikaona tumpeleke Karura, kaskazini mwa jiji, kabla hatujarudi nyumbani.

Karura si bustani, ni msitu hasa, hekta zaidi ya 1,000, wenye njia za miguu za kilometa 50 na zaidi, maporomoko ya maji, na mapango. Usingekuwapo leo kama si watu waliousimamia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu zilikuwa zimegawiwa watu wajenge majumba. Mama Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miti mahali ilipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na watu waliowekwa kulinda eneo hilo, naye akaumizwa kichwani. Hakuacha. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011, lakini msitu upo, umezungushiwa ua, na wanawake wanatembea ndani yake bila woga.

Njia za Karura ni ndefu na mabenchi yako mbalimbali. Kwa hiyo kanuni yetu ilibadilika. Tulitembea dakika 15 kwenda, tukageuka hapo hapo, hata kama kona iliyofuata ilitualika. Mgonjwa akumbuke kwamba kila hatua ya kwenda ina hatua yake ya kurudi. Hatukuyaona maporomoko, wala hatukusikitika. Alisema, "Nitayarudia nikiwa mzima."

Safari ya kurudi

Tuliondoka Nairobi mapema mwezi wa Agosti, siku chache kabla ya uchaguzi wa Kenya, baada ya daktari kumkagua na kumruhusu. Toka Nairobi hadi Moshi kwa kupitia Namanga ni kilometa 350 hivi, na ni safari ya karibu kutwa. Kwa mtu aliyepasuliwa, kuketi muda mrefu kunaleta hatari ile ile ya kulala. Tulichagua kiti cha kando ya njia ili aweze kunyoosha miguu. Alikanyaga cherehani yake ya hewani kila baada ya muda. Namanga kila abiria hushuka kwa ajili ya pasi, basi tukatumia nafasi hiyo kutembea badala ya kusimama. Arusha tulishuka tena. Mizigo yote niliibeba mimi na kondakta, hata pochi yake.

Mzigo ubebwe na nani?

Hapa ndipo penye mtihani kwa akina mama wa kwetu. Nairobi hatukuwa na ndoo wala jembe. Nyumbani kwa wifi ni Machame, ambako kila njia ni mlima, na ambako mwanamke asiyebeba kitu kichwani huulizwa kama anaumwa. Daktari alikuwa amesema asiinue kitu kinachozidi kilo tano hivi mpaka wiki sita zipite, na baada ya hapo aongeze kwa kiasi. Ndoo kubwa ya maji ni kilo 20. Mtoto wake wa mwisho ni kilo 13. Mkungu wa ndizi sitautaja.

Tulikubaliana akae kwanza kwangu mjini, ambako barabara ni tambarare na kivuli kipo. Kila alfajiri tulitembea mitaa ya Shanty Town chini ya miti, na siku ambazo mawingu yalifunguka Kibo ilitutazama. Wakati huo mume wake alipanga mambo ya nyumbani. Watoto wakubwa waligawana maji na kuni. Yeye mwenyewe alichukua kazi ya majani ya ng'ombe, na majirani walipomcheka alijibu kwamba afadhali achekwe kuliko kubaki mjane. Mtoto mdogo alifundishwa kupanda kitini ndipo akumbatiwe na mama yake, badala ya kunyanyuliwa.

Daktari aliwaita mume na mke pamoja kwa jambo jingine pia, nalo litawahusu wasomaji wengi. Mimba ingoje mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, mpaka mwili uache kupungua. Unene ukishuka uzazi huweza kurudi kwa ghafla, hata kwa aliyedhani amefunga. Kwa hiyo mpango wa uzazi uzungumzwe na daktari mapema.

Wiki ya tisa wifi alipanda Machame. Mama mkwe alikuwa amepika mtori, lakini mwepesi, bila mafuta, nyama imesagwa ndani yake mpaka haionekani. Alikuwa ameuliza mwenyewe kwa simu upikwe vipi. Akampa vijiko vinne. Kisha akachukua fimbo yake na kumwambia bintiye, "Twende mpaka kwenye mchungwa." Wakaenda, bibi wa miaka 78 na binti wa miaka 44, mwendo mmoja. Kesho yake walifika kwa jirani. Mwisho wa mwezi walifika kanisani kwa miguu, na pale wifi akavua mtandio akawaambia wanawake wenzake alichofanyiwa. Wawili walimfuata baada ya ibada kuuliza, na mmoja akamwomba awe anatembea naye Jumamosi.

Chagua mahali pako

Si lazima uende Nairobi. Mahali pa kumtembezea anayepona huweza kuwa uwanja wa shule jioni, uwanja wa kanisa, au barabara ya kijiji isiyo na magari mengi. Angalia mambo haya. Njia iwe tambarare na isiwe ya utelezi. Pawe na pa kuketi kila baada ya mwendo mfupi, hata kama ni gogo au kigoda ulichobeba wewe. Pawe na kivuli. Choo kisiwe mbali. Pawe na watu karibu, msije mkapata shida mkiwa peke yenu. Simu iwe na chaji na namba ya hospitali. Avae raba zilizomkaa vizuri, asivae kandambili. Aanze kwa dakika tano au kumi mara kadhaa kwa siku, aongeze kidogo kila juma, mpaka afike nusu saa siku nyingi za juma. Kuogelea kungoje vidonda vifunge kabisa na daktari aseme ndiyo.

Matembezi yasimame na hospitali iarifiwe bila kuchelewa ukiona mguu mmoja umevimba au shavu la mguu linauma, akikosa pumzi au kuumwa kifua, moyo ukienda mbio hata akiwa ameketi, akipata homa, akiumwa sana tumboni au begani, akitapika bila kukoma, au kidonda kikitoa usaha. Usimwambie avumilie mpaka kesho.

Na wewe unayemsindikiza, tembea kwa miguu yake, si kwa yako. Usimtangulie hatua mbili ukawa unageuka kumwangalia. Kaa ubavuni mwake, chupa ya maji mkononi, umwache yeye aseme ni benchi lipi.

Ukipita Nairobi, uliza Arboretum. Kuna kiingilio kidogo langoni. Julai chukua sweta, na mkate wako ufiche vizuri. Wifi amekwisha kurudi huko mara mbili kwa ajili ya vipimo vyake, na mara ya pili alikwenda Karura akayaona maporomoko. Aliniletea picha. Bado anatembea pole pole kwenye miteremko, na bado anasoma vibao vya miti kwa sauti.